Mguu wa Tano

Kwa miaka arobaini na sita Ludovina Serpa amefika mji wa Sintra mara zisizo na idadi, na hata mara moja hakupanda mlima. Kutoka Lisbon ni dakika arobaini tu kwa treni, kwa hiyo familia yao ilikwenda kila majira ya joto: watoto walipokuwa wadogo, watoto walipooa, wajukuu walipozaliwa. Wenzake wakishuka stesheni walipanga foleni ya basi la kwenda juu kwenye majumba ya wafalme. Yeye alibaki chini mjini, mbele ya duka la keki, na mikoba ya watu wote miguuni pake. Mara goti. Mara kizunguzungu. Mwaka mmoja alidai viatu vipya vinambana, na viatu vyenyewe alikuwa amevivaa miaka mitatu. "Nendeni tu, mtanikuta hapahapa," aliwaambia, na kweli walimkuta hapohapo, ameshakula vikeki vinne vya jibini na anafuta midomo.

Sababu ya kweli ilikuwa mbwa.

Mniwie radhi nirudi nyuma kidogo, maana mbwa huyu asipoeleweka tutasumbuana bure. Ludovina alikuwa mchoraji wa vigae, vile vya buluu na vyeupe vinavyobandikwa kwenye kuta zetu huku tangu enzi za mababu. Alijifunza kazi kwenye karakana ya Mestre Evaristo, yaani fundi mkuu, mzee mwenye masharubu na hasira za karibu. Si kazi ya mchezo ile. Kigae kinamwagiwa kwanza rangi nyeupe, ikikauka inabaki ungaunga, na juu ya unga huo ndipo unachora. Brashi ikigusa imegusa. Unga umeshainywa rangi, hakuna kufuta, hakuna samahani. Na rangi yenyewe unapochora ni kijivu kibaya cha maji ya kuoshea sufuria, buluu unaiona kigae kikishatoka kwenye tanuru.

Basi mwaka ule karakana ilipata kazi kutoka Ikulu ya Penedo Alto. Ni jumba dogo, limejificha upande wa pili wa mlima huo wa Sintra, wageni wengi hata hawalijui. Ndani yake mna chumba cha wawindaji, kuta nzima ni vigae: farasi, mabwana, mwewe, mbwa, paa anayekimbia. Vigae kumi na kimoja vilikuwa vimebanduka kwa unyevu na kuvunjika. Kumi walipewa wachoraji wakongwe. Cha kumi na kimoja, kifua cha mbwa, alipewa Ludovina, binti wa miaka ishirini.

Mestre Evaristo alimpa karatasi iliyonakiliwa vigae vya jirani, ili ajue mistari inaingilia wapi. Karatasi ilikuwa imekunjwa pembe moja, nayo ile pembe ikalala chini ya ubao. Ludovina akaona mbwa anakimbia, kifua mbele, miguu mitatu. Mbwa wa kuwinda huinua mguu mmoja wa mbele, nani hajui? Akampa mguu. Akauchora kwa pumzi moja, bila kutetemeka. Mguu wa nne wa mbwa yule ulikuwepo siku zote, kwenye ile pembe iliyokunjwa.

Fundi wa kubandika aligundua akiwa juu ya mlima, kigae kimeshashika ukutani. Kesho yake jumba lilikuwa linafunguliwa, wakubwa wanakuja, na tanuru linataka siku mbili. Mestre Evaristo akasema kibaki, nani anahesabu miguu ya mbwa ukutani. Jioni fundi akapita karakanani, akamnong'oneza: "Ludovina, mbwa wako ana miguu mitano." Aliniambia mwenyewe kwamba siku ile alitamani ardhi immeze. Kwa watu wa kazi yao heshima yote iko mahali pamoja: kiraka kisijulikane. Mchoraji hatii saini. Mgeni akipita mbele ya ukuta asishtukie kitu, hapo ndipo umefaulu.

Hayo yangeishia hapo, kama wiki moja nyuma asingekuwa amemwambia mchumba wake, kigae kikiwa bado kina joto la tanuru, kwamba amechora kigae cha ikulu. Mchumba wake alikuwa Celestino. Na Celestino alikuwa kinyozi.

Jamani, kinyozi si mtu wa kumpa habari. Ndani ya siku mbili mtaa mzima wa Campo de Ourique ulijua. "Mkono wa mke wangu uko ikulu," alianza kusema hata kabla hawajaoana, na akaendelea kusema kwa miaka arobaini na sita. Mimi mwenyewe nimeisikia habari hiyo si chini ya mara mia, nikiwa na povu hadi masikioni na wembe uko kooni. Utabisha nini? Unasema hongera.

Na Ludovina kila akipita mbele ya kibanda cha kinyozi, watu wanamwamkia kwa heshima ya mchoraji wa wafalme, anajisikia mwizi. Alichora maelfu ya vigae baada ya hapo, stesheni, makanisa, majiko ya matajiri, vyote safi. Havikumsaidia. Kilichomwokoa ni jambo moja: Celestino alipowapeleka watoto juu mlimani aliwaonyesha lile jumba kubwa jekundu na la njano, akawaonyesha ngome, akawaonyesha kila kitu, ila Penedo Alto hakuingia. "Kule nitakwenda na mama yenu, goti lake likipona." Ludovina aliposikia hivyo alimshukuru Mungu, na goti halikupona.

Mwaka huu, Februari, Celestino alimkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini alifunga duka siku hiyohiyo na hakulifungua tena. Presha ya macho. Daktari alimwambia matone yatachelewesha, hayatazuia, na asitegemee sana mwaka ujao. Anaona katikati tu, pembeni kote kumeshazibika, mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukimpa uso anauona. Ukimpa chumba anakitafuta kipande kipande.

Jumanne moja ya Mei, anakunywa kahawa, akasema: "Alhamisi tunakwenda Penedo Alto."

"Goti langu," akasema Ludovina.

"Goti lako tutalibeba. Macho yangu hayangoji mtu."

Ludovina alimwona anapapasa meza kutafuta kijiko kilichokuwa palepale karibu na mkono, akajua kwamba safari hii hakuna duka la keki. Mume wake atatumia macho aliyobakiwa nayo kwenda kuona fedheha yake. Na akishaiona, ataishi nayo gizani, hana cha kuifunikia. Jambo hilo lilimnyima raha siku mbili nzima, mpaka akatia chumvi mara mbili kwenye supu.

Alhamisi waliondoka mapema. Ludovina alikuwa amepika wali wa bata, kwa sababu huku kwetu mtu haendi mlimani bila sufuria, na sufuria aliifunga kwa magazeti safu saba, juu yake shali ya sufi, wali ufike mchana bado unatoa moshi. Celestino aliipakata ndani ya treni. Alivaa suti ya harusi ya binti yao, amejinyoa mwenyewe kwa kupapasa, na kidevu kilikuwa laini kuliko changu.

"Nini kimepita?" akauliza.

"Majengo."

"Mazuri?"

"Mabaya, yamepakwa rangi ya waridi."

"Basi sikukosa kitu." Akaiweka sawa sufuria mapajani. "Umenyamaza sana leo. Unaumwa?"

"Goti."

"Lipe pole."

Ni hapo, kabla treni haijafika Sintra, ndipo shetani alipompa Ludovina wazo. Vigae havina saini. Fundi wa kubandika alishakufa, Mestre Evaristo alishakufa. Chumba kizima kimejaa picha, na Celestino anaona kipande kwa kipande. Ni nani atamzuia kumshika mkono na kumsimamisha mbele ya kigae kingine, kizuri, cha haki? Atafurahi. Atarudi nyumbani na kitu cha kukumbuka. Si uongo wa kumdhulumu mtu. Alivyozidi kulifikiria ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la huruma kabisa, na walipopanda basi alikuwa ameshapumua vizuri.

Mlimani kulikuwa na ukungu, kama kawaida yake. Lisbon watu wanatembea na mikono mifupi, huku juu unatafuta sweta. Basi lilipinda na kupinda katikati ya miti iliyoota kuvu, likawashusha kwenye geti. Kutoka getini hadi mlangoni mna ngazi sitini na kitu. Ludovina alizipanda zote huku anamshika mume wake mkono na sufuria mkono wa pili, na hakusimama hata mara moja. Alikuwa anawaza la kusema.

"Hilo goti," Celestino akasema juu ya ngazi, anahema, "limepona ghafla. Tuwaite mapadri waje waone?"

"Nyamaza, uhifadhi pumzi."

Sufuria waliiacha kwa mwenye tiketi, aliyeiangalia kwa wasiwasi mpaka ilipomfikia harufu. Kisha wakaingia. Chumba cha wawindaji kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ndani hamna mtu ila dada mmoja mlinzi, kitambulisho kifuani kimeandikwa Natércia, amekaa kwenye kiti cha plastiki na miguu ameivua viatu.

Ludovina alimwona mbwa palepale. Alikuwa karibu na dirisha, usawa wa magoti, anakimbia na miguu yake mitano, wazi mchana kweupe. Miaka yote alijipa moyo kwamba labda haionekani sana. Inaonekana sana. Alihisi uso unamchoma mpaka kwenye nywele, akamgeuza mume wake upande wa pili haraka haraka.

"Njoo huku. Kiko huku."

Alimpeleka kwenye ukuta wa mkabala, mbele ya bwana aliyeshika mwewe. Mkono ule wa bwana na kucha za yule ndege vilichorwa na mtu aliyejua kazi, miaka mia mbili na ushee iliyopita. Ludovina aliweka kidole karibu, bila kugusa.

"Hiki hapa," akasema.

Celestino alivua miwani. Alitoa mfukoni kile kioo cha kukuzia anachosomea gazeti, akasogea mpaka pua ikawa inapumulia ukuta.

"Mzee wangu, usiguse tafadhali," akasema Natércia kutoka kitini.

"Sigusi, mwanangu. Natazama."

Akatazama. Alitazama mwewe, akatazama kidole gumba cha yule bwana, akashuka kwenye mkono wa koti, akarudi juu. Ludovina alisimama nyuma yake anajichukia. Alidhani huruma itamtuliza, kumbe kumwona mzee ameinama anakagua kazi ya mtu mwingine kwa mapenzi yale ni kitu kibaya kuliko mbwa yeyote.

Celestino akanyooka polepole, mkono kiunoni.

"Kizuri sana," akasema. "Lakini si chako."

"Unajuaje si changu?"

"Chako kina mguu wa ziada."

Ludovina alitafuta pa kukaa. Kulikuwa na baraza ya mawe chini ya dirisha, akakaa hapo, na Natércia hakumwambia kitu ingawa pana kibao cha kukataza.

"Nani alikwambia?"

"Mestre Evaristo. Jumamosi ya kabla ya harusi yetu, alikuja kunyolewa. Nimeshampaka povu, akaanza: 'Celestino, yule binti mkono wake hauna mfano, nakuambia mimi. Ila ujue ukweli kabla hujaenda kanisani. Amempa mbwa wa mfalme miguu mitano. Unamtaka hivyohivyo?'"

"Ukasema nini?"

"Nikamwambia atulie, nisije nikamkata."

Natércia alikuwa ameacha kujifanya anatazama simu.

"Miaka arobaini na sita," Ludovina akasema. "Unajisifu mtaa mzima, unamwambia kila mwenye ndevu, na unajua?"

"Nilisema mkono wako uko ikulu. Uko, haupo? Habari za miguu hawakuniuliza."

Alikasirika. Msidhani alilia kwa furaha pale pale, mimi namjua Ludovina. Alikasirika kwa ile miaka yote, kwa majira yote ya joto amekaa peke yake kwenye kiti cha duka la watu wakati wanawe wanacheka huko juu.

"Ukaniacha nilinde mikoba."

"Ulikuwa unakula keki. Nilidhani unafurahi."

"Celestino, nisikilize vizuri, sicheki."

"Mimi pia sicheki." Alikaa kando yake, akautafuta mkono wake kwenye sketi mpaka akaupata. "Nilingoja uniambie wewe. Nikasema mwaka huu ataniambia, akishazaa ataniambia, akistaafu ataniambia. Ningekutangulia ningekuumbua. Kwa hiyo nikangoja, na ningengoja tena, kama si macho haya. Nilitaka kuuona mguu wenyewe. Basi."

Hasira ilikuwa inamtoka Ludovina, na nyuma yake palibaki kitu chepesi ambacho hakukizoea. Alijisikia vizuri, akashangaa kwamba ni rahisi hivyo.

"Inuka," akasema. "Itabidi upige magoti, utachafua suruali, lakini inuka."

Alimpeleka kwa mbwa, akamsaidia kupiga magoti. Celestino akaweka kioo kwenye jicho, akaanza nyuma, mkiani, na kuhesabu kwa sauti, kama anavyohesabu chenji. Mmoja. Miwili. Mitatu. Wa nne huu hapa kwenye pembe. Akasimamisha kioo.

"Wa tano," akasema. "Huu ndio wako?"

"Huo."

Natércia alikuwa amekuja peku, kimya, akainama nyuma yao. Na yeye alihesabu, mara mbili, midomo inachezacheza.

"Nimekaa chumba hiki miaka tisa," akasema. "Tisa. Kila siku ninamtazama huyu mbwa. Bibi, umenitia aibu."

"Mimi ndiye mwenye aibu, mwanangu."

"Basi tugawane."

Celestino hakuwasikiliza. Alikuwa anapeleka kioo kwenye mguu mmoja, anarudi kwenye mwingine, bila haraka. Mwishowe alisema, bila kugeuka:

"Ludovina, hii minne mingine alichora nani?"

"Mtu wa zamani. Hajulikani."

"Alikuwa mvivu. Vijiti hivi. Mguu wako ndio mguu pekee hapa wenye mfupa ndani."

Alisema kwa sauti ya kinyozi anayekagua kichwa kilichonyolewa duka la mtu mwingine. Ludovina alitaka kumwambia aache kumpamba. Lakini alikuwa ameshainama, na kwa mara ya kwanza tangu fundi amnong'oneze alikitazama kile kigae kama kazi. Mstari ulishuka kutoka begani, ukanenepa kwenye paja, ukakonda kwenye kifundo, ukaishia kwenye kucha nne ndogo, wote pumzi moja. Hakukuwa na mahali brashi imesita. Alikuwa na miaka ishirini na hakujua bado kuogopa.

"Ni mguu mzuri," akasema.

"Si ndiyo nakwambia."

Wakaingia watu wawili, mke na mume wa makamo, kwa lafudhi watu wa Porto, wamevaa makoti ya mvua. Waliwakuta wazee wawili chini ya dirisha, mmoja amepiga magoti, na mlinzi peku. Mwanamke akauliza kama kuna mtu ameanguka.

Miaka yote, Celestino akianza kujisifu mbele ya watu, Ludovina alimvuta koti. Safari hii alingoja aanze, na Celestino hakuanza. Alibaki vilevile, uso karibu na ukuta. Ludovina akapangusa sketi, akawageukia wageni.

"Hapana, mama, hakuna aliyeanguka. Njooni mhesabu miguu ya mbwa huyu." Wakasogea, wakahesabu, mwanamume akacheka. "Ule wa mbele, ulioinuliwa, nimeuchora mimi. Nilikosea. Lakini utazameni vizuri."

Wakautazama. Mwanamke akauliza ilichukua muda gani, Ludovina akamweleza habari za unga na brashi na tanuru, na karatasi iliyokunjwa pembe, yote, kwa sauti kubwa ya kutosha ukumbi mzima. Celestino hakuchangia hata neno. Alikuwa ameinamia kioo chake, anaushuka mguu ule kutoka begani hadi kuchani, akifika chini anarudi juu na kuanza upya, na hakuna mtu aliyemwambia ainuke.